Gari Juu ya Mawe: Thamani ya Chuma cha Kale Karagwe na Kyerwa

Karagwe ni nchi iliyojua thamani ya chuma kabla ya kulijua gurudumu. Katika ikulu ya Bweranyange, watawala wa ukoo wa Wahinda walihifadhi ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma, mikuki ya shaba na nyundo za kihunzi, na vitu hivyo vikahesabiwa kuwa hazina ya enzi, si vyombo vya kazi. Mapokeo yanamtaja Ndagara, babake Mfalme Rumanyika, kuwa ndiye mfalme mhunzi. Wafanyabiashara wa pwani walioweka kituo chao Kafuro katika karne ya 19 walipanda huko na vitambaa, shanga na waya wa shaba, wakashuka na pembe za ndovu. Na mizigo yote hiyo, kwenda na kurudi, ilikaa juu ya vichwa vya wapagazi mpaka Unyanyembe, na kutoka hapo mpaka baharini. Mwingereza James Grant, aliyefika kwa Rumanyika pamoja na Speke mwishoni mwa mwaka 1861 akapatwa na maradhi ya mguu, aliondoka Karagwe mwezi wa Aprili 1862 akiwa amebebwa machelani. Chombo kingine cha kumchukua mgonjwa hakikuwapo.

Leo, katika nchi hiyo hiyo, ambayo tangu mwaka 2012 imegawanywa kuwa wilaya mbili za Karagwe na Kyerwa, chuma kimepata mnunuzi wa namna nyingine. Huyu huja na mizani. Hununua masufuria yaliyotoboka, majembe yaliyoisha, mabati, fito za vitanda, na akikuta nyuma ya nyumba, chini ya migomba, gari la zamani lililowekwa juu ya mawe, hulipima kwa jicho, akataja bei ya kilo. Land Rover, ambayo watu wengi huita Landirova, ndiyo inayomvutia zaidi. Kwani bodi yake si ya bati bali ya alumini, na alumini ina soko zuri kuliko chuma. Huyeyushwa ikawa sufuria. Basi lipo gari lililopanda milima ya Karagwe kwa miaka 20, likabeba madini, kahawa, wagonjwa na maharusi, ambalo mwisho wake ni kupikiwa ugali.

Wakati huo huo, kwingineko, watu wanayatafuta magari hayo hayo kwa taa. Mwezi wa Oktoba 2024 mji wa Arusha ulifanya tamasha kubwa la Land Rover, na wenye magari hayo walitoka pembe mbalimbali za nchi na hata nje ya mipaka. Huko Uingereza, kiwanda chenyewe kilianza mwaka 2016 kuyakusanya na kuyafufua magari ya toleo lake la kwanza na kuyauza kwa bei ambayo mwenye gari la Nkwenda au Kaisho akiambiwa atadhani anataniwa. Kati ya bei ya mizani na bei ya tamasha pana bonde pana, na ndani ya bonde hilo ndimo wanamokutana muuzaji na mnunuzi, kila mmoja akiwa na hesabu yake, na aghalabu zote mbili zina kasoro. Kwani gari lililokaa muda mrefu halithaminiwi kwa kulitazama lilivyo tu. La kwanza la kuuliza ni: lilisimama mwaka gani, na lilisimama kwa nini?

Swali hilo ni la historia kabla ya kuwa la ufundi.

Gari halikuja Karagwe kwa ajili ya starehe. Mwaka 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari akakusudia kuvuka bara, akafika Swakopmund, upande wa bahari ya Atlantiki, mwaka 1909. Lakini hiyo ilikuwa safari ya mtu mmoja na sifa zake. Karagwe, gurudumu lilifuata bati. Madini ya bati yalianza kuchimbwa katika vilima vya Kyerwa na Murongo, karibu na mto Kagera, katika miaka ya 1920, na kampuni iliyojulikana kwa jina la Kyerwa Syndicate ikawa mwajiri mkubwa katika nchi ya wakulima na wafugaji. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, Uingereza ikapoteza chanzo chake kikubwa cha bati, na kila kilima cha Afrika chenye madini hayo kikapanda thamani. Njia za magari zikachongwa mahali ambapo mbuzi tu ndio waliokuwa wakipita.

Baada ya bati ikaja kahawa. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kiliundwa mwaka 1950, na kahawa ya Karagwe ikaanza kushuka kwa malori mpaka Bukoba, ikapakiwa melini. Na ni katika miaka hiyo ndipo Land Rover, iliyoonyeshwa hadharani mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ilipoingia nchi za Maziwa Makuu. Alumini ya bodi yake haikuchaguliwa kwa urembo. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kikitolewa kwa mgao, ilhali alumini ya viwanda vya ndege ilikuwapo tele. Upungufu wa chuma huko ndio ulioyafanya magari hayo yadumu huku, na ndio huo huo unaoyapeleka leo kwenye tanuri la masufuria.

Pamoja na Land Rover zilikuja Volkswagen na Peugeot. Na hii ya pili, Pijo katika vinywa vya watu, ina haki ya kuitwa gari la Tanzania kwa sababu nyingine: Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1966 na tena mwaka 1967 akiendesha Peugeot 404. Lakini Peugeot ina bodi ya bati, na katika mvua za Karagwe, ambazo huja mara mbili kwa mwaka, bati lililoachwa nje lina siku zake. Ndiyo maana zilizobaki ni chache, na anayeikuta moja iliyokaa bandani ameokota jambo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilibadilisha milango ya magari. Mali za makampuni mengi zikaingia mikononi mwa umma, na namba zinazoanza na SU, yaani shirika la umma, zikawa jambo la kawaida barabarani. Kisha, mwaka 1976, serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika, na magari yao yakatawanyika kwenye mamlaka za mazao, vijiji na idara. Gari likabadilisha mwenyewe mara mbili au tatu bila ya kutoka wilayani. Mwaka uliofuata, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, usifunguliwe mpaka 1983. Hapo ndipo msiba wa spea ulipoanza, kwani Nairobi ndiko zilikokuwa zikitoka spea nyingi.

Halafu ikaja vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia eneo la kaskazini ya mto Kagera, wakapora mali, ng'ombe na magari, na tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka, lililokuwa likiiunganisha nchi ya ng'ambo hiyo na Bukoba, likabomolewa. Serikali ikachukua magari ya raia na ya mashirika kubeba askari. Yapo yaliyorudi yamechoka, na yapo yasiyorudi kabisa. Vita vile viligharimu kiasi cha dola milioni 500 za Marekani kwa hesabu inayotajwa sana, na vilikwisha wakati bei ya mafuta duniani imepanda upya. Katika miaka hiyo ya dhiki hata kuendesha gari Jumapili alasiri kulipigwa marufuku ili kuokoa petroli. Mkoa ukabadilishwa jina, kutoka Ziwa Magharibi ukawa Kagera. Lakini tairi, betri na gasketi hazikubadilika kuwa nyingi.

Anayekwenda kununua gari la kale Karagwe au Kyerwa na asiijue miaka hiyo, kuanzia 1977 mpaka 1984, hajui analonunua. Gari lililosimama wakati huo limekufa kwa njaa. Halikuchoka; lilikosa kifaa kimoja, pengine pampu ya breki, pengine sahani ya klachi, likapandishwa juu ya mawe ili tairi zisioze, likangojea. Mwenyewe aliamini kuwa kifaa kitapatikana mwezi ujao. Kwa hivyo alilifunika na kuutunza ufunguo, na hakuthubutu kulinyofoa.

Liko namna nyingine gari lililosimama miaka ya 1990. Bajeti ya mwaka 1984/85 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila ya kuulizwa fedha imetoka wapi, na baada ya miaka michache magari yaliyotumika Japani yakajaa, mengi yakipitia Dubai. Wasomaji wa visiwani hawana haja ya kusimuliwa habari hiyo. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Ngara na Karagwe, mashirika ya misaada yalifika na Land Cruiser nyeupe, na Land Rover ya mzee ikaonekana kikongwe mbele ya vijana. Gari lililosimama wakati huo limekufa kwa uzee. Lilitumika mpaka tone la mwisho, na liliposimama halikungojea chochote: giaboksi ikaenda kwa jirani, difu ikauzwa Omurushaka, redieta ikapelekwa Uganda, na kilichobaki kikawa kiota cha kuku. Magari mawili ya namna hiyo yanaweza kusimama kijiji kimoja, yakiwa na rangi moja na mwaka mmoja wa kuundwa, na moja likawa na thamani mara nne ya jingine.

Ukija kwenye ukaguzi wenyewe, mtu wa pwani ana elimu tayari, hata kama hajawahi kushika spana. Jahazi lililopandishwa ufukoni halinunuliwi kwa rangi ya ubao wake. Mnunuzi huinama akautazama mkuku, akayagonga mataruma, akasikiliza mlio. Ubao hubadilishwa, kalafati hutiwa upya, lakini mkuku ukioza hapana chombo. Usione vyaelea, vimeundwa. Chesisi ya Land Rover ndiyo mkuku wake. Imetengenezwa kwa chuma, sanduku refu lenye uwazi ndani, na ugonjwa wake huanzia ndani ukatoka nje. Alumini iliyo juu yake hung'aa ikamdanganya mtu.

Hata hivyo, kutu ya Karagwe si kutu ya Unguja. Visiwani chumvi hulila gari zima, juu na chini, na hailali. Karagwe iko mbali na bahari, juu ya vilima, na hewa yake haina chumvi. Kinacholiua gari huko ni tope jekundu. Tope hilo hujaa kwenye pembe za chesisi na nyuma ya springi, likakauka kiangazi, likalowana masika, likashikilia unyevu kama sifongo. Kwa hiyo gari linaweza kuwa zima kwa urefu wake wote na likawa limeoza vipande vitatu tu. Mnunuzi huikwangua pembe moja baada ya nyingine, akaigonga kwa nyundo ndogo: mlio mkavu ni uzima, mlio mzito ni tope au kutu. Kisha hutazama ukuta wa chuma unaoitenga injini na abiria, na mahali popote chuma kilipokutanishwa na alumini, kwani metali hizo mbili zikikaa pamoja penye maji, hulana.

Mguu wa migomba nao una habari zake. Gari lililokaa kibandani au chini ya paa hupita mbali na lile lililokaa kivulini tu, ingawa mwenyewe atasema kuwa kivuli kililihifadhi. Kivuli cha mgomba hudondosha maji muda mrefu baada ya mvua kukatika.

Injini huogopesha watu pasipo na sababu. Maneno "imenoki" hutolewa kwa kila injini isiyozunguka, na bei hushuka papo hapo. Lakini injini iliyokamata kwa kukaa si ile iliyovunjika kwa kazi. Hufunguliwa plagi, hutiwa mafuta kidogo katika kila silinda, huachwa siku kadhaa, kisha huzungushwa polepole kwa hendeli, ambayo Land Rover za zamani zilikuwa nayo. Ikikubali hata nusu ya mzunguko, mnunuzi mwaminifu huongeza bei. Mnunuzi mjanja hunyamaza. Kuhusu nati na bolti, fundi anayejua spana za milimita tu ataziharibu nyingi kabla ya kugundua kuwa gari hilo lilifungwa kwa vipimo vya inchi.

Penye mpaka, upande wa usukani nao husema. Tanzania na Uganda huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Land Rover ya usukani wa kushoto iliyokutwa Kyerwa haikuanzia Kyerwa. Katika yale yaliyoundwa baada ya 1958, tarakimu za mwanzo za namba ya chesisi, iliyopigwa kwenye ubavu wa kulia wa mbele, huonyesha aina ya gari na upande wa usukani lilioundwa nao. Namba hiyo ikilinganishwa na usukani vikatofautiana, pana hadithi, na hadithi za mpaka uliopita vita na wakimbizi si zote zinazopendeza mbele ya polisi.

Hapo ndipo linapokuja suala la bei, na ndipo watu wa Kagera wana neno lao. Butura ni desturi ya kuuza kahawa ingali maua. Mkulima mwenye shida ya ada ya shule au ya mgonjwa hupokea fedha kidogo leo, na mavuno yakija huwa ya mwingine. Serikali imeikemea desturi hiyo mara nyingi, na vyama vya ushirika, kikiwamo kile cha Karagwe kilichoundwa mwaka 1990, vimepambana nayo, kwani anayenunua ua hulipa bei ya ua akavuna bei ya tunda. Gari juu ya mawe huuzwa kwa butura bila ya jina hilo. Muuzaji ni mjane, au kijana aliyerithi, na ada ya shule inangoja. Mnunuzi ametoka Mwanza au Dar es Salaam, na anajua soko la Arusha na la Ulaya. Hapana hila kubwa inayohitajika. Inatosha mmoja kujua na mwingine asijue.

Lakini ni dhulma pia kumwambia mjane kuwa gari lake lina thamani ya tamasha. Bei ya haki huanzia mwisho ikarudi nyuma. Huulizwa gari kama hilo, zima na linalotembea, linauzwa kiasi gani nchini. Hupunguzwa gharama ya chesisi, breki zote, nyaya, tairi na fundi. Hupunguzwa usafiri, nao si mdogo, maana kutoka Karagwe mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300. Huongezwa tahadhari kwa yale yasiyoonekana. Kinachobaki aghalabu ni kidogo kuliko anachotaraji muuzaji na ni kikubwa mara kadhaa kuliko bei ya mizani. Na ikiwa kinachobaki ni sifuri, gari hilo bado lina thamani ya spea kwa mwenye gari jingine, na afadhali liitwe hivyo waziwazi. Jambo moja humsaidia muuzaji bila ya yeye kujua: serikali hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu yanayoingizwa kutoka nje, hivyo gari la kale lililomo nchini tayari lina nafuu ambayo lile la kuletwa halina.

Halafu ipo karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 namba za magari zilibadilishwa zikawa za mfumo unaoanza na herufi T. Gari lililokuwa juu ya mawe wakati huo halikwenda kuandikishwa upya, na wengi wanadhani limekwisha kupoteza haki ya kuwa gari. Namba za zamani zabaki zimeandikwa kwenye bati la nyuma, na kadi, ikiwa ipo, imo katika sanduku la bati la marehemu pamoja na risiti za kahawa. Mnunuzi asiyeiulizia kadi hiyo ananunua mbuzi ndani ya gunia; na muuzaji asiyeitafuta anauza alumini. Isitoshe, gari la marehemu ni mirathi. Aliyeshika ufunguo siye lazima mwenye mali, na makubaliano yasiyowakutanisha warithi wote yanaweza kuvunjwa baada ya gari kufufuliwa, likiwa limepakwa rangi na bei yake imejulikana na kila mtu.

Kadi ya namna hiyo, inapopatikana, husomwa kama shairi lenye beti chache. Ubeti wa kwanza una jina la kampuni au misheni. Wa pili una shirika la umma, na muhuri. Wa tatu una jina la kijiji au idara. Wa nne una jina la mtu, mara nyingi mwalimu au dereva aliyelinunua katika mnada baada ya kuliendesha kwa miaka mingi kwa niaba ya wengine. Ubeti wa tano uko mtupu. Mnunuzi wa mizani haulizi kadi. Hukata chesisi vipande vitatu ili ienee kwenye lori, akazibandua alumini kwa tindo, akaacha juu ya mawe yale manne doa la mafuta ambalo migomba haioti juu yake.